Shamba la kufika kwa miguu: uchambuzi wa kisa cha mwani mnene wa Unguja

Katika miaka ya 1990 mwani mnene ulivunwa katika vijiji vingi vya pwani ya Unguja. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulianza kufa, na baada ya misimu kadhaa ya kupanda na kupoteza, vijiji vingi vikaacha kabisa kuupanda. Mwani mwembamba, unaopandwa na mikono ileile, kwa kamba zilezile, katika maji yaleyale, haukufa kwa kiasi hicho. Na kule Pemba, mwendo wa saa chache kwa meli, mwani mnene uliendelea kuota.

Visa vya visiwa na tabianchi mara nyingi huelezwa kwa picha ya nchi kavu inayoliwa na bahari: mnazi ulioanguka, kaburi lililofikiwa na mawimbi, kijiji kinachohamishwa. Visa hivyo ni vya kweli, na Zanzibar pia vipo. Mabonde ya mpunga ya Pemba yaliyoingiwa na maji ya chumvi ni ushahidi tosha. Mwani nimeuchagua kwa sababu hapa hakuna kilichozama. Ufukwe upo, bahari ipo, na mkulima yupo na kamba zake mkononi. Kilichobadilika ni nyuzi chache za joto, nazo zilitosha kumwondolea zao lililomlipa vizuri na kumwachia lile linalomlipa kidogo.

Ukikifuatilia kisa hiki kwa karibu utaona kwamba joto lilianzisha tatizo tu. Nani angeweza kulikimbia na nani angebaki nalo, hilo liliamuliwa na kina cha maji na bei ya kilo.

Zao lisilohitaji chombo

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, katika vijiji vya Paje na Jambiani, mashariki ya Unguja, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino. Kabla ya hapo mwani wa biashara ulikuwa wa kuokota: bahari inautupa, watu wanauokota na kuuanika, wafanyabiashara wanausafirisha. Wazo la kuupanda lilikuwa limeshapigiwa debe na wanasayansi, Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akiwa mstari wa mbele.

Aina zilizoshika ni mbili. Mwembamba, ambao wengine huuita spinosamu, kwa wataalamu ni Eucheuma denticulatum. Mnene, yaani kotonii, ni Kappaphycus alvarezii. Zote hutoa karajinani, ute unaofanya dawa ya meno isichuruzike na aiskrimu isiyeyuke haraka. Ute wa mnene hugandisha zaidi, viwanda vinautaka zaidi, na kwa kawaida bei yake ni mara mbili ya mwembamba au kupita. Tofauti hiyo ya bei ikumbukwe, maana kila kitu katika kisa hiki kinarudi hapo.

Kuanza kulima kulihitaji vijiti vya kuchomeka mchangani, kamba ya kufunga kutoka kijiti hadi kijiti, na taitai, vile vikamba vidogo vya kufungia mbegu. Mkulima hukata kipande cha mwani kinachoenea kiganjani, hukizungushia taitai kwenye kamba, huacha nafasi ya shubiri, hufunga kingine. Kazi hiyo hufanywa nyumbani, chini ya mti, watoto wakisaidia na mazungumzo yakiendelea. Au palepale shambani, maji yakiwa magotini. Baada ya wiki sita hivi mwani huvunwa, huanikwa na kuingizwa kwenye mapolo. Kilo saba za mwani mbichi, wakati mwingine zaidi, hutoa kilo moja kavu.

Hakuna boti katika orodha hiyo. Hakuna mashine wala leseni ya uvuvi. Ndiyo maana mwani ukawa kazi ya wanawake. Karafuu ilikuwa na wenyewe, samaki walikuwa na wenyewe, lakini lile eneo la maji mafupi ndani ya mwamba, ambako wanawake walikuwa wakichokoa pweza na kuokota kombe tangu zamani, lilikuwa lao tayari. Walichofanya ni kupanda mahali walipokuwa wakitembea. Zanzibar ina wakulima wa mwani zaidi ya 20,000, na takribani asilimia 80 ni wanawake. Katika vijiji vingi vya mashariki hiyo ilikuwa mara ya kwanza mwanamke kushika fedha taslimu ambazo hazikupitia mkononi mwa mume au kaka. Nyumba za matofali zilijengwa kwa fedha hizo, na ada za shule zikalipwa.

Saa za bamvua

Hapa kuna jambo ambalo ripoti nyingi hulipita juu juu, nami naona ndilo kiini cha kisa chote.

Mkulima huingia shambani wakati wa bamvua, mwezi unapokuwa mpevu au mchanga, ambapo bahari hukupwa sana. Zanzibar tofauti kati ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua hufika kama mita nne. Wakati wa maji mafu, katikati ya bamvua moja na nyingine, shamba halifikiki kwa miguu. Kwa hiyo mwezi wa mkulima wa mwani umekatwa vipande: wiki ya kazi, wiki ya kungoja, wiki ya kazi, wiki ya kungoja.

Sasa angalia saa. Kwa namna bahari inavyokwenda Unguja, bamvua hukupwa kabisa kuanzia kama saa nne asubuhi, na kila siku inayofuata husogea mbele kwa karibu dakika 50, hadi saa sita, saa saba mchana. Yaani maji huwa mafupi kuliko wakati mwingine wowote saa zilezile ambazo jua liko kichwani. Maji ya magotini, yaliyozingirwa na mwamba, juu ya mchanga mweupe, chini ya jua la saa sita mwezi wa Februari: hayo hupashika kwa kasi ambayo bahari ya nje haiijui. Mwani mnene hupenda maji ya kati ya nyuzi 25 na 30 za Selsiasi. Katika maji haya ya kupwa nyuzi 33 hupitwa bila shida.

Kwa hiyo kilichompa mwanamke shamba, yaani maji mafupi anayoyafikia kwa miguu, ndicho kilichouweka mwani mahali penye joto kali kuliko pote. Bahari ilipokuwa na baridi kidogo zaidi, mwani uliyavumilia masaa hayo ya mchana. Nafasi ya kuvumilia ilikuwepo, ingawa ndogo. Kisha joto la bahari yenyewe likapanda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi uliongezeka joto kwa takribani nyuzi 1.2, katika miezi ya Juni hadi Agosti, kati ya 1901 na 2012. Ni mwendo mkali kwa bahari ya tropiki. Nyuzi moja na kitu husikika kidogo. Lakini anayeishi ukingoni hahitaji msukumo mkubwa ili aanguke, na mwani mnene wa maji mafupi ulikuwa ukingoni tangu siku ulipopandwa.

Mwaka 1998, El Niño ilipopausha matumbawe katika Bahari ya Hindi, dalili zilikuwa wazi kwa aliyetaka kuziona. Matumbawe ndiyo yaliyopata vichwa vya habari. Mwani, kwa kuwa hauvutii wapiga picha za chini ya maji, ulikufa baadaye na kimyakimya.

Mwani unavyokufa

Ugonjwa unaotajwa zaidi ni aisi-aisi. Tawi la mwani hupoteza rangi sehemu moja, mara nyingi katikati. Sehemu hiyo hugeuka nyeupe, hulainika, kisha hukatika. Vijidudu vinavyoimaliza, bakteria wa aina kadhaa, huwa tayari wanaishi juu ya mwani. Mmea ukiwa na afya hauwajali. Ukizidiwa na joto, au mvua ya masika ikishusha chumvi ghafla, au mwanga ukipungua, kinga huporomoka na bakteria hao hupata njia.

Hasara yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Doa jeupe lenye urefu wa nusu kidole, likitokea karibu na taitai, huangusha sehemu yote ya tawi yenye afya iliyo baada yake, nalo huchukuliwa na mkondo. Mkulima hapotezi sehemu iliyougua tu. Na kwa kuwa shamba hufikika wakati wa bamvua peke yake, anaweza kuacha mwani wenye madoa machache siku ya mwisho ya maji kupwa, akangoja maji mafu yapite, na kurudi akakuta kamba tupu zenye taitai zilizolegea.

Juu ya aisi-aisi huja magugu ya bahari: nyuzi nyembamba zinazojizungusha kwenye mwani na kunyonya mwanga wake. Nazo hupenda maji ya moto. Mkulima huzitoa kwa mkono, tawi kwa tawi, na baadhi ya aina huwasha ngozi. Halafu kuna tasi, samaki ambaye mwani mchanga kwake ni karamu, na kasa pia.

Mwembamba hupatwa na haya yote, ila huvumilia joto zaidi. Hiyo ndiyo sababu ya msingi ya kubaki kwake.

Wakulima hawakukaa wakisubiri. Jibu la kwanza lilikuwa kuvuna mapema. Doa likionekana, kamba nzima hutolewa kabla ya wiki sita kutimia, ili angalau kitu kipatikane. Kwa mtu mmoja ni busara. Kwa soko ni balaa, kwa kuwa mwani usiokomaa una ute hafifu, mnunuzi hulalamika, na bei ya wote hushuka. Jibu la pili lilikuwa kucheza na misimu: kupanda zaidi wakati wa kusi, bahari inapopoa, na kujibana wakati wa kaskazi, huku mbegu ikihifadhiwa sehemu zenye mkondo na kina kirefu kidogo. Lilisaidia. Lakini kusi ina pepo zake, na kamba zinazonusurika joto zinaweza kung'olewa na mawimbi. Jibu la tatu, lililoshinda kwa idadi ya watu, lilikuwa kuacha mnene na kubaki na mwembamba.

Wataalamu wengine huliita hili la tatu kuhimili mabadiliko. Mimi naliona kuwa ni kushuka daraja. Saa za kazi ni zilezile, mgongo ni uleule, chumvi ni ileile, na kipato cha kilo moja ni nusu au chini yake.

Yaliyoongezea joto nguvu

Ingekuwa rahisi kuandika kwamba tabianchi iliua mwani mnene na kuishia hapo. Kuna mambo mengine mawili, na kuyaficha ni kumdanganya msomaji.

La kwanza ni mbegu. Mwani wa shambani haupandwi kwa mbegu halisi. Hukatwa kipande cha mmea mkubwa na kufungwa upya. Baada ya miaka mingi ya kukata na kufunga, shamba zima, kijiji kizima, pengine pwani nzima, ina mmea uleule mmoja uliogawanywa mara maelfu. Kinachoweza kuua tawi moja kinaweza kuua yote. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kuwa mashamba ya Zanzibar yametawaliwa na mbegu za asili ya Asia, ingawa mwani wa jamii hizo hizo upo kiasili katika maji ya Afrika Mashariki. Ule wa asili, uliozoea maji ya hapa kwa vizazi, haukupewa nafasi kwenye kamba. Naona hili ni kosa la mipango zaidi kuliko la hali ya hewa, na ndilo linalorekebishika kwa gharama ndogo zaidi kuliko yote: vitalu vya mbegu, uteuzi wa mimea inayovumilia joto, kubadilisha mbegu kila baada ya muda badala ya kukata ileile hadi ichoke.

La pili ni soko. Bei ya mwani haipangwi Zanzibar. Indonesia na Ufilipino ndizo zenye uzito, na Tanzania, ijapokuwa inaongoza Afrika, haina sauti ya kupandisha bei. Kwa muda mrefu wanunuzi waliwapa wakulima kamba na taitai, kwa makubaliano kwamba mavuno yatauzwa kwao. Mpango huo uliwafungulia mlango wanawake wasiokuwa na mtaji, na wakati huohuo uliwaziba mdomo siku ya kupima. Mkulima aliyevuna mwembamba kwa shilingi mia kadhaa kwa kilo hana akiba ya kujaribu mbinu mpya.

Kwenye maji ya kina

Suluhisho la kisayansi si fumbo. Kama maji mafupi yana joto, peleka mwani kwenye maji marefu, ambako hata bahari ikikupwa kabisa mtu hagusi chini. Huko joto ni dogo, halipandi na kushuka ovyo, na mkondo huleta chakula cha mmea na kuosha magugu.

Kazi hii iliongozwa kwa kiasi kikubwa na Dkt. Flower Msuya, mtafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyoko Zanzibar, kupitia mtandao wa wakulima, wanunuzi na watafiti ulioanzishwa mwaka 2006. Yalijaribiwa machelezo, kamba za kuelea, na baadaye nyavu za mrija, mbinu iliyokwisha kujaribiwa Brazil.

Nyavu za mrija zinastahili kuelezwa. Ni wavu ulioshonwa kama soksi ndefu. Unavishwa kwenye bomba la plastiki, kisha mwani husukumwa ndani ya bomba kwa mkono huku wavu ukivutwa polepole upande wa pili, kama anayejaza utumbo. Mwani hukaa ndani, matawi hujitokeza kwenye matundu na kukua nje. Hakuna taitai hata moja. Wavu huvutwa kwa boti, hufungwa kwenye nanga na maboya, na hauhitaji bamvua. Siku yoyote bahari inaporuhusu unafikika. Tawi likikatika kwa aisi-aisi, sehemu kubwa hubaki ndani ya soksi badala ya kwenda na maji. Kwa njia hii mwani mnene uliota tena katika maji ya Unguja ambako kwenye maji mafupi ulikuwa umekwisha.

Kibiolojia kazi imekwisha. Kijamii ndiyo kwanza inaanza, na hapa ndipo uchambuzi wa aina hii unapaswa kutumia muda wake mwingi.

Shamba jipya linahitaji boti. Boti inahitaji nahodha, na baharini nahodha ni mwanamume, isipokuwa wanawake wafundishwe kuiendesha. Linahitaji kujua kuogelea. Wanawake wengi wa pwani wamekulia hatua mia kutoka majini bila kufundishwa kuogelea. Haikuonekana kuwa kazi yao wala heshima yao kuingia maji yanayofunika kichwa. Mafunzo ya kuogelea na kuendesha boti yalilazimika kuwa sehemu ya miradi ya kilindini, na anayeyaona kuwa ni nyongeza ya hisani hajaelewa kisa. Bila hayo, shamba linahamia kwa wanaume kimyakimya: mwanamke atabaki kujaza soksi ufukweni na kulipa wanaume waende kuzifunga.

Linahitaji pia kikundi. Shamba la maji mafupi lilikuwa la mtu mmoja. Alikwenda alipotaka, akaacha alipougua, fedha ikawa yake. Boti moja huchukua watu kumi, hivyo watu kumi lazima wakubaliane siku, saa, mafuta, matengenezo na mgawo. Vikundi vinavyodumu vipo, vinavyovunjika pia vipo, na kinachovivunja mara nyingi ni hesabu.

Tuifanye hesabu hiyo kwa mfano wa kubuni, kuonyesha umbo lake tu. Tuseme boti ya faiba na mashine yake ni shilingi milioni tano. Kwa mwembamba wa shilingi 500 kwa kilo, kikundi kinahitaji kuuza kilo 10,000 kavu kurudisha boti peke yake, bila mafuta wala nyavu. Hizo ni tani 70 za mwani mbichi, tani saba kwa kila mwanamke katika kikundi cha watu kumi. Kwa mnene wa shilingi 1,000, kazi inapungua kwa nusu. Maana yake ni kwamba kilindi kinalipa kwa mnene, na mnene unaota kilindini. Lakini aliyepo kwenye maji mafupi na mwembamba hawezi kuweka akiba ya kufika huko. Duara hili halivunjwi kwa bidii ya mkulima. Linavunjwa na mtaji kutoka nje yake.

Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar imefanya sehemu yake. Mkakati wa mabadiliko ya tabianchi ulitolewa mwaka 2014. Sera ya uchumi wa buluu ya mwaka 2020 iliuweka mwani miongoni mwa vipaumbele. Mwaka 2022 boti ziligawiwa kwa wavuvi na wakulima wa mwani. Na kukaanzishwa kampuni ya serikali ya mwani pamoja na mpango wa kiwanda Chamanangwe, Pemba. Kugawa boti ni hatua inayoonekana na inayopigwa picha vizuri. Swali la kuuliza kila kijiji ni la baada ya miaka mitatu: mashine ikiharibika, nani analipa fundi, na usukani uko mkononi mwa nani?

Waliochagua njia nyingine

Si kila mtu alikwenda kilindini wala si kila mtu alipaswa kwenda. Vikundi kama vile vya Kidoti na Paje viliingia kwenye sabuni na unga wa mwani. Faida yake kwa kilo haina mfano, kwa kuwa mwani kidogo hutosha vipande vingi vya sabuni, na mwembamba unafaa kabisa. Udhaifu wake ni mteja. Sabuni ya mwani hununuliwa zaidi na watalii, na ndege zilipokoma mwaka 2020 kwa sababu ya korona, soko hilo lilikatika karibu usiku mmoja. Kutoka kutegemea joto la bahari hadi kutegemea ratiba ya ndege si hatua ndogo, lakini hatari zote mbili zinatoka nje ya kisiwa.

Jambiani baadhi ya wanawake walihamia kwenye sponji za baharini, ambazo hulimwa maji marefu kidogo na huhitaji kazi kidogo ya mikono. Wengine wamejaribu majongoo bahari, kaa na lulu. Ni vizuri, ila idadi ya watu ni ndogo mno ukilinganisha na maelfu wa mwani.

Wengi zaidi waliondoka tu, hasa vijana. Paje ya leo ina tiara za wachezaji wa mawimbi juu ya maji yaleyale yaliyokuwa na vijiti, na msichana aliyemaliza shule hana sababu ya kuchagua kamba badala ya kazi ya hoteli. Hesabu ya afya nayo haimvutii: uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012 uliwakuta wakulima wa mwani wakilalamikia uchovu, maumivu ya mgongo na viungo, macho kuathirika kwa mwanga wa jua majini, na majeraha ya wanyama na makombe. Kwa hiyo ukienda shambani utakuta wanawake wa makamo na wazee. Wanapoombwa wajifunze kuogelea wakiwa na miaka 50, tukumbuke tunamwomba nani.

Pemba bado ina nafasi

Sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar hutoka Pemba, na mnene bado unapandwa huko. Kisiwa hicho kimetenganishwa na bara na mkondo wenye kina cha mamia ya mita, na mwambao wake umejaa ghuba na mifereji ambamo maji hubadilika zaidi kuliko kwenye ile sahani pana ya mchanga ya mashariki ya Unguja. Hiyo inanunua muda. Haizuii joto kufika, na madoa meupe Pemba hayana ugeni.

Unguja, boti, nyavu na mafunzo vilikuja baada ya mnene kufa, wakati mkulima alikuwa ameshatumia akiba yake kupanda na kupoteza na imani yake imeisha. Pemba vinaweza kuja kabla. Mkulima anayeuza mnene leo ana kipato cha kuchangia boti. Akisubiri hadi abaki na mwembamba hatakuwa nacho. Kitalu cha mbegu kinachoanzishwa sasa kina mnene hai wa kuchagua, ukiwemo ule unaovumilia msimu wa kaskazi katika ghuba zenye joto zaidi. Masomo ya kuogelea yakiwekwa katika shule za Micheweni na Wete, yatawafikia wasichana wa miaka kumi badala ya bibi zao. Na kiwanda cha Chamanangwe kikinunua mnene kwa bei inayotofautisha uliokomaa na usiokomaa, mkulima atakuwa na sababu ya kungoja wiki sita zitimie.

Katika hayo manne, ningeanza na kitalu na shule, kwa sababu ndivyo vinavyochukua muda mrefu kuzaa matunda, na joto halisubiri bajeti ya boti.